Goti la Shiminwe

Kaka yetu wa heshima, Ya Fideli, tulimzika Jumanne, na Jumatano ua wake wa Kashikishi, upande wa Zambia wa ziwa Mweru, ulikuwa bado umejaa watu wanaokula na kucheka, jambo ambalo wageni waliotoka mbali hawakulielewa. Sisi tuliomfahamu tulielewa. Mtu aliyetumia maisha yake kuwasemea watu wa kwenye filamu, kwa Kiswahili cha Katanga na kwa sauti ya kuamsha mtaa, huwezi kumlilia kwa kunong'ona. Mimi nilikuwa nimetoka Lubumbashi, nimevuka Luapula, nimekalia gunia la mtu ndani ya gari la samaki, na miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi juu ya mkeka wa akina mama, mzee mmoja alipoingia akijikongoja kwa fimbo mbili. Alikuwa Ba Chola, mwenye nyumba wangu wa zamani, ambaye sikuwa nimemwona kwa zaidi ya miaka ishirini. Nyuma yake alikuja mkewe, BanaMwansa, yaani mama wa Mwansa, amembebea kiti. Ba Chola hakunipa pole wala hakuniuliza habari za watoto. Aliketi, akalaza fimbo zake chini, akasema, "Bea, ule mutu yetu wa mpira, ule Shiminwe, alimalizia wapi?" Nilicheka peke yangu mpaka mama mmoja akanisogezea maji akidhani ninalia. Kisha nikatoa simu, kwa sababu siku hizi mtu yeyote aliyewahi kukimbia na mpira yumo ndani ya simu, nikaanza kumtafuta. Mtandao wa pale unakuja na kuondoka unavyotaka. Tulipokuwa tunaungoja, mwaka wa tisini na nane ulinirudia wote, pamoja na harufu yake.

Mwaka huo nilikuwa nimemaliza sekondari, nina Kiingereza kingi kisicho na kazi. Ya Fideli alikuwa na nyumba ya video nyuma ya soko: chumba kirefu cha matofali ya udongo ambacho kabla yake kilikuwa cha kukaushia samaki, na harufu ile haikuhama hata siku moja. Mabenchi yalikuwa mbao za mitumbwi iliyokufa. Ukikaa vibaya, msumari wa zamani unakukumbusha. Mbele kulikuwa na televisheni juu ya meza, pazia la kitenge, na pembeni viti viwili. Kimoja kilikuwa cha Ya Fideli, maana filamu zote alizisema yeye. Waigizaji walifungua midomo, yeye akatoa maneno, hasa kwa ajili ya wafanyabiashara wa ng'ambo ya ziwa waliokuja kutoka Kilwa ya Kongo na Pweto kununua samaki na kukaa mpaka ziwa litulie. Kiti cha pili kilikuwa changu. Nilimnong'oneza Kiingereza kimesema nini, yeye akakisema kwa Kiswahili huku akitia chumvi, kisha mimi nikarudia kwa Kibemba kwa ajili ya wenyeji. Wasichana hawakuwa wakikaa pale. Mara ya kwanza nilipofungua mdomo ilisikika miguno benchi la nyuma, Ya Fideli akasimamisha kanda na kuuliza ni nani kati yao anajua Kiingereza aje akae. Hakuna aliyekuja. Malipo yangu yalikuwa chai, mkate na raha ya kuisikia sauti yangu ikifika ukutani, na kusema kweli hiyo raha ndiyo ilinishibisha.

Kanda za Shiminwe tuliachiwa na muzungu mmoja, mwalimu wa hesabu aliyekuwa anarudi kwao Amerika baada ya zaidi ya miaka kumi. Mama yake alikuwa akimrekodia mechi za kule na kumtumia, naye alizipanga ndani ya katoni kadiri zilivyofika. Siku ya kuondoka akampa Ya Fideli katoni yote bila maelezo, gari likimpigia honi. Ya Fideli akachukua kanda iliyokuwa juu, akaiingiza, tukaanza. Picha ilitoka bila rangi, kwa vile kanda za Amerika hazikupatana na mashine yetu, na mpaka leo Kashikishi kuna watu wanaobishana kama fulana yake ilikuwa nyekundu au kijani. Mchezo wenyewe hatukuuelewa. Wanaume wenye helmeti wanainama katika duara, wananong'onezana, wanatawanyika, wanapigana, wanarudi kwenye duara. "Banafanya mukutano," Ya Fideli akasema, kwa utulivu wa mtu aliyezaliwa humo. "Sasa banagombana. Bon. Mukutano tena." Watu wakaelewa mara moja, maana kamati ya soko letu iliendeshwa hivyo hivyo. Mpira wao ulikuwa na ncha mbili kama muhogo. Na katikati ya vurugu hiyo kulikuwa na mmoja asiyegombana na mtu. Alisimama pembeni peke yake, kisha akakimbia mbali, akageuza shingo, akanyoosha mikono, na muhogo ule ukashuka moja kwa moja kwenye vidole vyake. Haukugusa kifua wala tumbo. Vidole kwa Kibemba ni minwe, na kabla kanda haijaisha watu wa benchi la mbele walikuwa wameshampa jina: Shiminwe, Baba wa Vidole. Jina lake halisi ninalijua, lakini kwetu halikuwahi kuwa na kazi.

Kanda hiyo ya kwanza ilimwishia vibaya. Alikuwa na kichwa kilichonyolewa mpaka kikang'aa, ndevu zenye mvi, na alikimbia kama mtu anayejihurumia. Mwishoni alianguka akishika goti, wakamtoa uwanjani akining'inia mabegani mwa watu wawili, uso umelowa machozi. Watu wa benchi la mbele wakaanza kufuta macho. Ya Fideli hakuwahi kumwacha mtu wa kwenye kioo bila maneno. "Batu yangu, musilie," akasema. "Huyu njo kwanza anaanza. Goti inamukatalia kidogo. Mutaona mbele."

"Anaanza, na uzee ile yote?" mtu akauliza.

"Kule kwabo banaanzaka wakati batoto yabo bamekomaa. Kabla ya pale beko na kazi ingine."

Likakubaliwa, kwa sababu mambo ya Amerika nani angeyabisha.

Benchi la mbele, mwishoni kabisa ili apate pa kunyooshea mguu, alikaa Ba Chola. Nilikuwa nimepanga chumba kwake, kwa hiyo magoti yake niliyasikia asubuhi kabla ya jogoo. Alikuwa amevuka arobaini. Kwa miaka mingi alikuwa golikipa wa timu ya wavuvi, mpaka mwaka uliotangulia, walipocheza na timu ya Puta, na mpira ukapita katikati ya miguu yake taratibu kiasi kwamba mtoto angeweza kuukanyaga. Kocha, mtu mwenye mitumbwi mingi na mdomo mkubwa kuliko mitumbwi yake, alimwambia mbele ya watu akalee wajukuu. Wajukuu hakuwa nao bado, na nadhani hilo ndilo lililomuuma zaidi. Mwaka huo Ba Chola alitaka jambo moja tu na mtaa mzima ulilijua: asimame golini siku Puta watakapokuja tena. Na mtaa mzima ulijua pia kwamba akifungwa kijinga mara ya pili, asingeweza kupita sokoni bila kuchekwa mpaka anazeeka kabisa.

Kazi yake ya kila siku ilikuwa kudaka. Mitumbwi mikubwa inayotoka kisiwa cha Chisenga haiwezi kugusa mchanga. Maji ya ufukweni ni mafupi na mawimbi ya Mweru hayana adabu. Inasimama pale maji yanapofika kiunoni, mrushaji anapanda mbele ya mtumbwi na kurusha mafurushi ya samaki wakavu, na wanaume waliojipanga ndani ya maji wanadaka na kurushiana mpaka nchi kavu. Furushi likilowa limeharibika, na mwenye samaki, mara nyingi mama wa Kikongo aliyesimama mchangani mikono kiunoni, atasema maneno ambayo sitayaandika. Wote walidaka kwa kulikumbatia, ndiyo maana vifua vyao vilijaa michubuko ya miba. Siku chache baada ya kanda ya pili nilikuwa nimesimama ufukweni nikamwona Ba Chola amenyoosha mikono mbele, vidole vimetanuka, macho yanalifuata furushi tangu linatoka mkononi mwa mrushaji. La kwanza likampita, likaanguka majini.

"Ba Chola," mwenye samaki akasema, "unacheza na bukari ya batoto yangu?" Bukari ndiyo ugali kwao.

"Hapana, mama. Shiminwe anapokeaka hivi."

"Basi Shiminwe aanike samaki yangu."

Vijana walicheka mpaka mstari ukavunjika. Yeye akafunga kaptula yake vizuri na kunyoosha mikono tena. Haikuchukua muda, mafurushi yakaacha kulowa upande wake, na yakawa yanapita haraka, kwa kuwa mtu asiyekumbatia hana haja ya kukumbatuka. Kisha nikaona kijana wa pili yake naye ametanua vidole, halafu wa tatu. Vifua vilianza kupona.

Ukuta kati ya chumba changu na sebule ya Ba Chola haukufika juu, na mimi sikuwa mtu wa kuziba masikio. Jioni BanaMwansa alipika bukari ngumu ya muhogo, samaki wa mchuzi wenye nyanya na mafuta mekundu, na majani ya mihogo aliyoyatwanga mpaka yakawa laini. Sahani yangu aliipitisha juu ya ukuta bila kukatisha maneno yake. Walizungumza Kibemba, nami nakiweka hapa kwa Kiswahili.

"ShiMwansa," alimwambia mumewe, "unakula kama mtu mwenye safari."

"Ninacheza na Puta."

"Nani kasema?"

"Bado hawajasema."

"Goti lako linalia kama mlango wa kanisa."

"Shiminwe alianza na goti bovu kuliko hili. Alibebwa, umesahau? Na juzi ulimwona?"

"Nilimwona," BanaMwansa akakubali, maana naye hakukosa kanda hata moja. Nikasikia bakuli likisogezwa. "Haya, ongeza samaki."

Na kweli, kila kanda tuliyoitoa kwenye katoni, Shiminwe alizidi kupona. Goti likanyooka. Akawapita watu wawili, kisha watatu. Akaruka juu ya mtu na kudaka kwa mkono mmoja, na benchi la mbele lilianguka na wote waliokuwa juu yake. Mvi zilipotoweka kwenye ndevu, Ya Fideli alikuwa na jibu: "Makuta imeingia, ni pesa. Mutu akikula muzuri, mvi inarudia kwabo." Na siku Shiminwe alipovua helmeti na kuonekana ana nywele kichwa kizima, nyeusi na nene, BanaMwansa aligeuka akautazama upara wa mumewe kwa matumaini ambayo sijawahi kuyasahau. Jambo moja tu halikubadilika. Kila alipofunga, wenzake walicheza na kugaragara, lakini yeye aliuokota ule mpira na kumkabidhi mwamuzi kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani. Akina mama walimpenda kwa hilo kuliko kwa mbio zake. Mwezi wa nane vita vilianza tena upande wa Kongo, na mitumbwi ikaanza kuleta watu pamoja na samaki. Benchi la nyuma likapata wageni waliokaa kimya na mabegi yao magotini. Sikumbuki ni kanda ipi iliyowachekesha mara ya kwanza, ila nakumbuka Ya Fideli alinigusa mkono ili nisikilize.

Golikipa kijana aliyekuwa amechukua nafasi ya Ba Chola alipata kazi kwenye kambi za uvuvi Chisenga na hakurudi. Kocha akaja ufukweni, akasimama akiyatazama mafurushi yakitua kwenye vidole vya Ba Chola, akasema tu, "Jumapili kuja na viatu." Ba Chola aliitikia kwa kichwa, akadaka lililofuata.

Jumamosi mchana tulionyesha kanda ya mwisho, ile ya chini kabisa. Ba Chola alikuja na viatu vyake, vimening'inia shingoni kwa kamba, vimepakwa mafuta. Kwenye kioo Shiminwe alikuwa mwembamba, hana hata ndevu, na mtangazaji wa Kiamerika akaanza kwa furaha: kijana huyu ana miaka ishirini na mbili, ametoka chuoni, na leo ndiyo mechi yake ya kwanza kabisa ya kulipwa. Ya Fideli aliinamisha sikio kwangu akingoja. Mimi nilikuwa naiona katoni. Mwalimu aliweka kanda mpya juu ya ya zamani, kama mtu yeyote anavyoweka, na sisi tulianza na ya juu. Miezi yote hiyo tulikuwa tumemtazama mtu akirudi nyuma. Ile kanda ya goti haikuwa mwanzo wake. Ilikuwa siku aliyomaliza. Ba Chola alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwangu, mguu umenyooshwa, uso umeelekea kwenye kioo. Nikamwambia Ya Fideli, "Wanasema hawajawahi kuona mikono kama hii." Akalisema kwa chumvi yake, nami nikalirudia kwa Kibemba kwa sauti ambayo sikuwahi kuitoa kabla. Sikuona haya, wala leo sioni.

Watu walipotoka nilimweleza Ya Fideli ukweli kule nyuma, kwenye jenereta. Kwanza alicheka mpaka akakaa juu ya dumu. Kisha akaacha kucheka. "Donke basi kesho Chola anaenda kucheza na goti ya mutu mwenye alimaliza."

"Tumwambie?"

"Ukimuambia, ataingia na uzee yake yote. Ukimunyamazia, ataingia na mikono." Akajifuta mafuta ya mashine. "Tufunge midomo, Bea. Mupaka filimbi ya mwisho."

Jumapili hatukula. Watu wa Puta walikuja na lori zima, wakiimba, na mmoja wao alikuwa amebeba kizingiti cha mlango kumkumbusha Ba Chola kwamba miguu yake ni mlango ulio wazi. Kipindi cha kwanza walitufunga kwa kichwa, bao ambalo hata kocha hakuthubutu kumlaumu mtu. Tukasawazisha. Halafu, jua likiwa limeshuka na mchanga umechimbika kila mahali, mshambuliaji wao mrefu akabaki peke yake na Ba Chola. Ya Fideli alinishika kiganja kwa nguvu hata pete yake ikaniumiza. Mpira ulipigwa juu, kwenye pembe. Ba Chola hakuruka, goti lile lisingemruhusu. Alikimbia. Alikimbia pembeni huku shingo imegeuka, macho yamebaki kwenye mpira, akanyoosha mikono, na mpira ukatua kwenye vidole vyake ukakaa. Sijui kama uwanja ulipiga kelele, maana mimi nilikuwa napiga zangu. Yeye hakusimama. Akaurudisha mkono nyuma ya sikio na kuurusha mpira mbali, juu ya vichwa vya watu wote, kama mrushaji wa Chisenga, mpaka ukamwangukia winga wetu aliyekuwa hana mtu. Mbili kwa moja. Filimbi ya mwisho ilipolia, vijana walimkimbilia kumbeba. Akawazuia kwa kiganja, akauokota mpira, akachechemea mpaka kwa mwamuzi na kumkabidhi kwa mikono miwili, ameinama kidogo. Akina mama wa Kashikishi waliingia uwanjani wote. Kile kizingiti tulikitumia kuchochea moto jioni ile.

Na jioni ile ndiyo mlo ninaoukumbuka kuliko yote niliyowahi kula, harusi yangu ikiwemo. BanaMwansa alikuwa amemweka mumewe kwenye kiti cha wageni, mguu wake ndani ya beseni la maji moto na chumvi, na alimkanda goti kwa mkono mmoja huku akimpa minofu ya samaki kwa mwingine. Ya Fideli alisimulia mechi tangu mwanzo kana kwamba hatukuwepo. Mara mbili alinitazama, mara mbili nikatazama sahani. Hakukuwa na pa kuingiza habari ya katoni. Baadaye matokeo yangu ya mtihani yakaja, nikaondoka, na kazi ya kusemea watu wengine niliyoanza kwenye kiti kile nimeifanya maisha yangu yote, katika mikutano ya watu wanaonong'onezana, kutawanyika na kugombana. Nimekuwa na furaha nyingi tangu hapo. Ila mwaka mzima wenye furaha, asubuhi mpaka jioni, ninao huo mmoja.

Mtandao ulirudi. Shiminwe alikuwepo, maisha yake yote ya uwanjani yamepangwa na mtu fulani kutoka ujana hadi mwisho, na muziki juu yake. Nilimpa Ba Chola simu kwa woga ule ule wa Jumamosi ile. Akaishika karibu na pua. Fulana ilikuwa ya bluu. Ubishi wa miaka yote ukaisha. Akamtazama kijana asiye na ndevu, akamtazama akiruka juu ya mtu, akatazama nywele zikiondoka, mvi zikiingia, na mwisho goti, mabega ya watu wawili, uso uliolowa. Muziki ukakatika.

"Nilijua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu nywele. Bea, nywele haikurudiaka. Mwenye aliamini ni BanaMwansa peke yake."

"Nilingoja miaka mitatu," BanaMwansa akasema kutoka mkekani, na wanawake wote wakacheka.

"Ulijua, na ukaingia golini hivyo hivyo?"

"Nilitaka kucheza. Na Fideli alikuwa ananionyesha vile nataka kuona." Akatazama kidogo upande wa kaburi jipya, akalisugua goti lake. Kisha akanirudishia simu, kwa mikono miwili, ameinama kidogo.

"Weka tena," akasema. "Lakini anzia pa goti, unarudia nyuma kama Fideli. Njo pale niko leo."

Nikaanzia pa goti.